Usaili: kaulizwa "Umeshindaje?" akajibu "Bado sijashinda". Mwenye kosa hapa nani?

#1 Mshika Kalamu

Wakuu, habari za wakati.

Naomba tusaidiane, na naomba kwa dhati maana kuna riziki ya mtu hapa.

Wiki iliyopita niliandika kumbukumbu kwenye usaili wa nafasi moja ya mtunza stoo. Kampuni siitaji. Walioitwa walikuwa 11 na wote waliambiwa wafike saa mbili asubuhi. Kijana ninayemsema jina lake liko chini kabisa ya orodha, akaitwa saa tisa na robo alasiri. Shati jeupe jipya, bado lina mikunjo ya dukani. Bahasha ya kaki kaishika kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba bakuli la mchuzi.

Akatuamkia: "Shikamooni."

Mwenyekiti wa jopo, mzee wa watu, akaitikia: "Marahaba kijana, karibu ukae. Umeshindaje?"

Kijana kanyamaza kidogo, kisha: "Bado sijashinda mzee, ndiyo kwanza naingia."

Jopo la watu watano. Wawili walicheka mpaka mmoja akavua miwani kufuta macho. Mwenyekiti akatabasamu. Wa nne hakucheka, aliinamia fomu yake na kwenye kipengele cha mawasiliano akaandika 2 kati ya 10. Wa tano pembeni yake akaandika 9.

Baada ya hapo kijana alijibu kila kitu. Leja anaijua, kuhesabu mzigo anajua, kwa nini bidhaa iliyotangulia kuingia itangulie kutoka kaeleza kwa mfano wa unga wa sembe na wadudu. Sasa wamebaki wawili, yeye na mwenzake, na wanatofautiana alama 3. Ile 2 ndiyo inayomwangusha.

Ijumaa napeleka ripoti. Nataka kujua: alikosea kweli, au neno ndilo lenye matatizo?

#2 Kinyozi wa Zamu

Chai hii. Ila ina tangawizi, endelea kumimina.

#3 Mama Bahasha

#2 tulia, mambo haya yapo. Ni woga tu. Mdogo wangu kwenye usaili aliulizwa "Jina lako nani?" akajibu "Nzuri, shikamoo." Alikuwa amejiandaa kuulizwa habari za nyumbani. Mtu akiwa mbele ya meza yenye watu watano na chupa tano za maji, masikio yanasikia kile alicholala akikiwaza. Huyo kijana usiku kucha aliwaza kushinda. Alisikia kushinda.

#4 Mwalimu wa Kidato

Mshika Kalamu, umeleta somo zima la utata hapa. Wanafunzi tunawapa mifano ya "ua", "paa", "kaa", kumbe mfano mzuri uko ofisini kwenu.

"Kushinda" ni kumzidi mwenzako, na ni kukaa mahali mchana kutwa. Ndiyo maana tuna salamu tatu za siku: umeamkaje, umeshindaje, umelalaje. Kwa maoni yangu kijana alikosea, ila kosa dogo. Kiambishi "-je" kilitosha kumwonyesha. Asingeulizwa "Umeshindaje?" kama swali lilikuwa kama amepata kazi au la. Angeulizwa "Umeshinda?"

#5 Fundi Vyuma

Mwalimu hapo sikubaliani. "Umeshindaje" ni pia "umewezaje kushinda". Timu ikitoka uwanjani na mabao matatu mtangazaji anamuuliza kocha hivyo hivyo, "Mmeshindaje leo?" Na kocha hajibu "Salama tu."

#6 Mwalimu wa Kidato

Fundi, nimekubali. "-je" haitoshi.

#7 Nakuru Moja

Niko Kenya, nimesoma nikacheka peke yangu kwa matatu. Huku kwetu hilo neno lina kazi nyingine tena. Mtu "anashinda akinisumbua", maana yake hachoki, kila saa ni yeye. Na "mrefu kunishinda", maana yake kuliko mimi. Kwa hivyo kwenye mahojiano ukiniuliza "umeshindaje" naweza kukujibu njia nne na zote ziwe sawa.

Kikuyu hatuna shida hiyo. Jioni utaulizwa "Watinda atĩa?", na kutinda ni kwa mchana tu, ushindi una neno lake. Kama huyo kijana kwao wanaongea lugha iliyotenganisha, alipofika kwa Kiswahili alichukua maana aliyoizoea shuleni: shinda ni mtihani, shinda ni mbio.

#8 Dada wa Utumishi

Nakuru Moja karibu. Jambo moja tu, huku kwetu ukisema "mahojiano" peke yake watu wanafikiria polisi au redio. Tunasema usaili. Angalia matangazo ya Sekretarieti ya Ajira: kuna usaili wa mchujo, usaili wa vitendo, halafu usaili wa mahojiano. Mahojiano ni hatua mojawapo.

Kuhusu mada: salamu haipewi alama. Usaili huanza pale mwenyekiti anapotambulisha jopo na kumweleza msailiwa utaratibu. Kabla ya hapo ni ukarimu. Aliyeandika 2 alianza kusahihisha mtihani kabla karatasi haijagawiwa.

#9 Fundi Vyuma

Na aliyeandika 9 je?

#10 Dada wa Utumishi

Huyo naye.

#11 Mpishi wa Ng'ambo

Nipo jikoni hotelini Unguja mwaka wa 14 sasa, nimekaa kwenye usaili wa wapishi wasaidizi mara nyingi kuliko nilivyokaa kwenye harusi. Niwape mawili.

Kijana kutoka Singida, mchapakazi, mikono inaonekana. Bi mkubwa wa jikoni akamuuliza: "Mbuzi unaijua?" Akajibu kwa furaha: "Tangu mdogo, nachunga, nachinja, nachuna." Bi mkubwa akainuka, akaleta kile kigoda chenye ulimi wa chuma wa meno meno, akakiweka katikati ya chumba. "Huyu hachunwi mwanangu. Huyu anakaliwa." Kijana alikaa, akapewa nazi, kwanza akaikuna mpaka ule weusi wa kifuu, tui likatoka la kijivu. Leo kwa kukuna nazi ananishinda.

La pili, dada wa Mbeya. Kaulizwa: "Sambusa za kima unaweza?" Kaweka mkono mdomoni: "Jamani, huku mnakula nyani?"

Wote wawili tuliwachukua. Mtu asiyejua jina la kitu si mtu asiyejua kazi. Kazi ya jikoni ipo mikononi.

#12 Mwalimu wa Kidato

Mpishi, angalia kitu kizuri: bi mkubwa alisema "unaijua", hakusema "unamjua". Mbuzi wa kuchunga ni mtu wa "a", mbuzi ya kukunia ni "i". Sarufi ilishatoa jibu.

#13 Mpishi wa Ng'ambo

Sarufi ilitoa jibu kwako, Mwalimu. Wengi kwao ng'ombe ni "ng'ombe hii" na mbuzi ni "mbuzi hii". Yeye alisikia salama kabisa.

#14 Msomaji wa Jozani

Nisahihishe hapo kwenye kima kabla watu hawajachanganya. Kima wa sambusa na kima wa mtini ni maneno mawili yaliyotoka sehemu mbili yakagongana Pwani. Wa sambusa alikuja kwa jahazi kutoka Bara Hindi, kule nyama ya kusaga wanaiita keema mpaka leo. Wa mtini ni wetu, na kwetu Unguja tuna kima punju, yule mwekundu wa Jozani, ambaye kwa asili hapatikani pengine duniani. Kwa hiyo hapo ni bahati mbaya ya sauti. "Shinda" la Mshika Kalamu ni kitu kingine, pale neno ni moja limezaa watoto.

#15 Kinyozi wa Zamu

Na kima wa tatu mmemsahau, wakati ndiye wa mada: kima cha chini cha mshahara. Huyo hata Jozani hayupo.

#16 Mzee wa Mkonge

Vijana, hamjambo. Nimesoma kuanzia juu.

Msomaji wa Jozani anasema neno ni moja, nami nakubali, na mama wa maneno hayo namjua. Chukueni "shindilia": unashindilia pamba kwenye gunia. "Shindika": unashindika alizeti itoe mafuta. "Shindana." Yote ni kukandamiza. Anayemshinda mwenzake amemkandamiza chini. Na anayeshinda mchana ameukandamiza mchana mpaka jua likazama. Siku si kitu chepesi, siku ni mzigo, na ukifika jioni umeubwaga. Kwa hiyo alipoulizwa "Umeshindaje?" alikuwa anaulizwa ameiwezaje siku. Jibu lake "Bado sijashinda" lilikuwa sahihi, maana siku yake ilikuwa haijaisha.

#17 Fundi Vyuma

Mzee shikamoo. Na debe shinda je? "Debe shinda haliachi kutika." Debe shinda ni lile ambalo halijajaa. Lingeshindiliwa lisingetika.

#18 Mzee wa Mkonge

Marahaba. Hilo la debe nipe muda.

#19 Bukoba Kampala

Mimi nauza samaki, nakaa Uganda nusu ya mwaka. Kiganda jioni utasalimiwa "Osiibye otya?", ndiyo hiyo hiyo umeshindaje. Lakini "kusiiba" kwao kuna maana ya pili, nayo si ushindi. Ni kufunga, saumu. Mwislamu wa Kampala mwezi wa Ramadhani "asiiba". Mshindi wana jina jingine kabisa, omuwanguzi. Kwa hiyo Mzee, kwao mchana haukukandamizwa na mtu. Kwao kumaliza mchana kumeingiliana na kukaa bila kula.

Ndipo nikakumbuka kwamba hata Kiswahili tunasema "nimeshinda njaa". Jiulize mtu akikuambia hivyo: ameipiga njaa chini, au njaa ndiyo imekaa naye tangu asubuhi?

#20 Mama Bahasha

Bukoba Kampala umenigusa. Mshika Kalamu, nikuulize swali la mama. Huyo mtoto kafika saa mbili asubuhi, kaingia saa tisa na robo. Alikula nini?

#21 Mshika Kalamu

Mama Bahasha, sikuliandika kwa sababu sikuliona ni sehemu ya mada. Jopo tulikula saa saba, pilau. Wao kule nje walikuwa na benchi mbili na ndoo ya maji ya kunywa yenye kikombe kimoja. Mlinzi aliniambia baadaye kuwa wengine walitoka kwa zamu kununua mihogo ya kukaanga barabarani. Yule hakutoka, aliogopa jina lake lisije likaitwa hayupo.

#22 Mama Bahasha

Basi alishinda njaa. Na mtu aliyekula pilau ndiye akamuuliza ameshindaje.

#23 Dada wa Utumishi

Hapo mwenyekiti wa jopo naye abebe lake. Ukiita watu 11 kwa nafasi moja unawapanga: wanne asubuhi, wanne kabla ya mchana, watatu alasiri. Kuwaita wote saa mbili ni kuwatesa bure. Nimeendesha usaili miaka 9 na wa mwisho kwenye orodha siku zote ndiye anayejibu vibaya salamu, hata awe na akili kiasi gani. Siku nyingine tunaanza orodha kutoka chini kupanda juu.

#24 Kijana wa Tandika

Nyote mnaongea kama vile alikosea. Mimi naona alifanya makusudi. Kijana wa siku hizi akisikia "umeshindaje" anaona ni ya bibi yake, sisi tunasema "mambo", "vipi", "niaje". Akaona mlango wa utani akaupiga teke. Angekuwa amechanganyikiwa asingemalizia "ndiyo kwanza naingia". Hiyo sentensi ya pili ni ya mtu aliyejua anachofanya.

#25 Mama Bahasha

Ulimwona uso?

#26 Kijana wa Tandika

Mshika Kalamu alimwona. Alitabasamu?

#27 Mshika Kalamu

Hakutabasamu. Wale wawili walipocheka aliangalia chini kwenye bahasha. Kisha naye akacheka kidogo, baada yao. Siwezi kuapa kwa upande wowote.

#28 Nakuru Moja

Kwa sababu mmeshataja chai huko juu. Binamu yangu aliitwa na kampuni ya kuondoa mizigo bandarini, Mombasa. Ameketi, mama mmoja wa jopo akamuuliza kwa upole: "Utakunywa chai?" Yeye akakaza uso: "Mimi sitoi, na sipokei." Kenya chai ni hongo, kila mtu anajua, na alikuwa ameambiwa nyumbani kwamba bila kitu kidogo hupati kazi. Yule mama alikuwa ameshika chupa ya chai mkononi! Ya maziwa, na mahamri kwa sahani.

#29 Kinyozi wa Zamu

Akapata kazi?

#30 Nakuru Moja

Alipata. Walimweka kwa risiti.

#31 Kinyozi wa Zamu

Basi Kenya chai ni hongo, kwetu humu chai ni uongo, na yule mama chai yake ilikuwa chai. Mshika Kalamu nakuondolea ile ya kwanza, uzi wako si chai.

#32 Msaka Kibarua

Wakuu mmenikumbusha. Mlinzi getini: "Una barua?" Jamaa: "Ndiyo natafuta kibarua." Mlinzi: "Kubwa au ndogo, nionyeshe tu." Walizunguka hapo robo saa. Na kweli kibarua ni barua ndogo, ilitokana na zile karatasi za mkoloni walizopewa watu wa kazi za kutwa.

#33 Mzee wa Mkonge

Hapo nipo nyumbani. Baba yangu alikata mkonge Tanga. Karatasi ya mkoloni ile iliitwa kipande. Kilikuwa na visanduku 30, kila siku ukimaliza kazi unapigiwa alama, zikijaa ndipo unalipwa. Ukiumwa, sanduku linabaki wazi hata wiki mbili. Naikumbuka ya baba, imekunjwa mara nne ndani ya kibati cha tumbaku. Kipande si kibarua.

#34 Msomaji wa Jozani

Na kibarua ni neno la zamani kuliko Mwingereza. Unguja ya karne ya 19 vibarua walikuwepo, na wengi walikuwa watumwa waliokodishwa kwa kutwa mjini, kubeba mizigo na kusafisha karafuu na sandarusi, sehemu ya ujira ikaenda kwa bwana. Msaka Kibarua, barua ndogo yaweza kuwa kweli, ila usimpe mkoloni sifa hiyo.

#35 Msaka Kibarua

Nimeelewa, asanteni.

#36 Fundi Vyuma

Mzee wa Mkonge, debe?

#37 Mzee wa Mkonge

Bado nalifikiria. Usinishindilie.

#38 Mshika Kalamu

Wakuu, nimerudi. Nilichapa kurasa hizi nikamwonyesha mwenyekiti. Alisoma zote akiwa amesimama, alipofika kwa Mama Bahasha pale kwenye pilau akakaa. Hakusema kijana alikuwa sahihi wala hakusema alikosea. Alisema neno hilo lisihesabiwe, 2 na 9 zote zifutwe, wote wawili waje kwenye usaili wa vitendo Jumatano: wapewe leja na rafu moja ya vipuri, wahesabu, waandike. Aliyeandika 2 hakufurahi. Bado anasema mtunza stoo asiyesikia swali vizuri atamletea boksi la misumari mtu aliyeomba boliti. Nami sina jibu la kumpa, maana nalo lina ukweli.

Nimepiga simu ya kijana. Kapokea mama yake. Nikamuuliza yuko wapi, akasema: "Leo kashinda kwenye kibarua Buguruni, wanapakua vitunguu. Akirudi nitamwambia. Saa ngapi?"

Nikamwambia saa tatu.

#39 Bukoba Kampala

Mshika Kalamu, saa tatu gani? Mwenzangu alitumiwa ujumbe na meneja mgeni, "njoo saa 9". Mgeni alihesabu tangu usiku wa manane, mwenzangu akahesabu tangu jua linachomoza kama mama zetu walivyotufundisha. Akafika saa tisa alasiri, amevaa tai, ofisi inafungwa. Mwandikie, usiache hewani.

#40 Mshika Kalamu

Nimemtumia ujumbe sasa hivi: "Jumatano saa tatu asubuhi. Uje umekula."